Siku niliyofundisha sauti

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Mstarini, usafi, mahudhurio: watoto 82, Darasa la Nne, wanne wanne kwenye dawati.

Saa mbili, Sayansi. Shemeji yangu huwa ananiuliza, "Si unafundisha watoto tu?" Aje basi awaeleze hawa kwamba sauti ni mtetemo, kitu wasichokiona.

Nilianzia kooni. Weka vidole hapa, sema "mmmm". Darasa likawa mzinga wa nyuki. Kisha nikawatoa nje kumi kumi, kwenye kengele yetu, rimu ya lori inayoning'inia mwembeni. Nikaigonga mara moja, nikamwambia binti mmoja aishike. Ikanyamaza papo hapo. Akachomoa mkono: "Madam, inatekenya!" Sijaona kitabu kilichoieleza mitetemo vizuri hivyo.

Kundi la tatu ndilo lililoniponza. Nageuka kumtenganisha mmoja na mwenzake, kijana wa nyuma kashaokota nondo: ta-ta-ta-ta-ta! Huo ndio mlio wa mapumziko. Shule nzima ikamwagika nje saa mbili na nusu. Darasa la Kwanza walishafika kwa mama wa vitumbua, wengine wamekwisha kulipa, na mtoto aliyelipa kitumbua humrudishi darasani. Niliwaswaga karibu nusu saa, jua kichwani, koo limekauka. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni kafunga mikono.

"Mwalimu, andalio la somo unalo?"

Nikampa. Akalisoma mstari kwa mstari.

"Mbona kengele hujaiandika?"

Baada ya hapo Hisabati, uji, madaftari, sikumbuki kwa mpangilio. Mchana tulijaribu simu ya makopo. Uzi ukilegea husikii kitu, ukiukaza unasikia hata mnong'ono. Sauti yangu yenyewe ilishakwisha, ndipo mvua ikashuka juu ya bati. Hapo hata mwenye koo zima hasikiki. Nikaandika ubaoni: umeme ukimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo, gawanya kwa 3, utapata kilomita. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Mwanga haungoji mtu.

Ukamulika. Midomo 82 ikahesabu, sisikii hata mmoja. Ngurumo ilipofika, vidole vikanyooshwa juu: vitatu, vitatu, vitatu, hadi ukutani. Yule wa kengele peke yake alinyoosha vinne. Alianza kuhesabu mapema.