Nani aliihesabu? Nilivyoandika ripoti moja ya Nigeria mara mbili

Nimechoka na ushauri wa "ongeza vyanzo". Nilipopewa kazi ya kuandika ripoti ya soko la Nigeria kwa kampuni yetu, inayouza mashine za kufungashia bidhaa, kila niliyemuuliza alinipa huo huo. Vitatu havitoshi, tafuta kumi. Mimi nikatafuta thelathini na saba, nikavipanga mwishoni mwa ripoti kama askari wa gwaride, nikalala usingizi mzuri.

Mkuu wetu wa fedha ni mama asiyesoma kitu bila kalamu nyekundu. Alifungua ukurasa wenye chati ya pato la taifa. Chati ilikuwa inapanda polepole hadi 2012, kwenye dola bilioni 260 hivi, halafu mwaka 2013 ikaruka juu ya 500. Chini yake nilikuwa nimeandika aya nzima, tena kwa mbwembwe, kuhusu mwaka wa maajabu: mafuta, simu za mkononi, sinema.

"Mwanangu, hawa watu waliokota almasi?"

"Vyanzo vyote vinakubaliana, mama."

"Sawa, vinakubaliana. Nani aliihesabu?"

Sikuwa na jibu. Nikaondoka na ripoti yangu imelowa wino mwekundu.

Maajabu yangu yalikuwa ya karatasi tu. Aprili 2014 ofisi ya takwimu ya Nigeria ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, yaani mwaka ambao uchumi wake hutumika kama mizani ya kupimia miaka mingine, kutoka 1990 hadi 2010. Mizani ya zamani ilikuwa ya wakati ambao simu za mkononi hazipo na Nollywood bado haijawa biashara ya kuhesabika. Mizani mpya ikaviona, na pato la taifa likaongezeka kwa asilimia 89. Nigeria ikaipita Afrika Kusini bila kiwanda hata kimoja kujengwa usiku ule. Ghana ilifanya vivyo hivyo Novemba 2010, ikapanda kwa asilimia 60 hivi. Mimi nilichukua miaka ya hadi 2012 kwenye ripoti ya zamani, na iliyofuata kwenye jedwali jipya, nikaishona pamoja kama viraka. Ningechukua yote kwenye jedwali moja la Benki ya Dunia nisingeona mruko ule, kwa sababu miaka ya nyuma nayo imehesabiwa upya. Julai 2025 Nigeria wamehama tena, sasa msingi ni 2019. Kwa hiyo siku hizi natazama mwaka wa msingi kabla sijatazama namba yenyewe.

Swali la mama lilinikaa kichwani. Nikaamua kuichukua kila namba na kuifuata kinyumenyume hadi kwa aliyehesabu. Kazi ya wiki nzima, na nakiri niliifurahia kuliko kuandika ripoti yenyewe.

Nilianza na idadi ya watu, maana nilikuwa na vyanzo tisa vya idadi hiyo na nilivionea fahari. Cha kwanza kilikuwa ripoti ya soko tuliyoinunua, iliyokula karibu nusu ya bajeti yote ya utafiti, jalada linang'aa kama kadi ya harusi. Tanbihi yake ikanipeleka kwenye makala ya gazeti. Gazeti likanipeleka kwa kampuni ya washauri. Washauri wakanipeleka kwenye makadirio ya Umoja wa Mataifa, ambayo ni bure, mtu yeyote anayapakua. Nikajaribu cha pili: njia nyingine, mlango ule ule. Cha tatu hivyo hivyo. Na Umoja wa Mataifa wenyewe hawakupita nyumba kwa nyumba. Sensa ya mwisho ya Nigeria ni ya 2006, ilipata watu kama milioni 140. Iliyopangwa 2023 iliahirishwa. Mashahidi wangu tisa walikuwa shahidi mmoja aliyebadilisha shati mara tisa. Makadirio si vibaya, ila yaandikwe makadirio, na ukigawanya chochote kwa idadi ya watu ujue unagawanya kwa nini.

Aibu ya pili ilikuwa nafasi ya Nigeria katika orodha ya urahisi wa kufanya biashara: ya 131 kati ya nchi 190. Niliiandika kama habari ya jana. Orodha hiyo ni ya toleo la 2020, na Benki ya Dunia iliifunga kabisa Septemba 2021 baada ya kubainika kasoro katika takwimu za China, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan. Nigeria haikuwa katika sakata hilo, lakini mimi nilikuwa nauza kauli ya marehemu. Makala niliyoinakili ilikuwa na tarehe mpya juu na namba za zamani chini. Tarehe ya ukurasa haisemi kitu. Tafuta mwaka wa takwimu.

Halafu mashine. Mtu akiniuliza sehemu gani nilijiaibisha zaidi, ni hapa, na bahati nzuri niliigundua mwenyewe. Nilijumlisha uagizaji wa Nigeria kwa msimbo wa forodha 8422 nikijua ni mashine za kufungashia. Ndiyo, zimo. Lakini humo humo zimo mashine za kuosha vyombo! Nilikuwa nimesifu hamu ya viwanda kufungasha bidhaa zao, kumbe nimehesabu pia sahani za watu. Nenda hadi tarakimu sita, ambazo ni zile zile dunia nzima: 842230 kwa kujaza na kuziba chupa, 842240 kwa kufunga na kuviringisha. Baada ya tarakimu sita kila nchi ina zake.

Sasa mbinu ninayojivunia. Kwenye UN Comtrade, hifadhidata ya Umoja wa Mataifa ya biashara kati ya nchi, nilichukua kile Nigeria inachosema imenunua Italia, Ujerumani na China, kisha nikageuza kioo: nchi hizo zinasema zimeiuzia Nigeria kiasi gani? Kwa kawaida namba ya mnunuzi huwa kubwa kidogo, maana hujumlisha nauli ya meli na bima, na muuzaji hajumlishi. Namba ya mnunuzi ikiwa ndogo kuliko ya muuzaji, kaa chini uulize. Zangu zilikataa kulingana. Nikampigia wakala wa mizigo, akacheka: "Ndugu yangu, umeangalia Cotonou?" Bandari ya Benin, kwa jirani, ambako mizigo mingi inayoishia Nigeria hushushwa kwanza. Thamani inayotamkwa forodhani nayo ina mambo yake. Sikupata namba moja ya kweli, nilipata mbili, nikaziandika zote mbili na kusema kwa nini zinapishana.

Dola niliziacha kando kwenye chati za ukuaji. Naira, sarafu ya Nigeria, ilipoachiwa Juni 2023 soko liipangie bei, uchumi ule ule ulionekana kunywea ukiutafsiri kwa dola, wakati kwa naira, ukiondoa mfumuko wa bei, ulikuwa bado unakua. Bei zetu ni za dola, kwa hiyo niliweka jedwali moja la dola kwa ajili ya mauzo na kulieleza.

Ripoti ya pili ilikuwa na vyanzo kumi na moja. Mama aliisoma kimya, kalamu wima. Akafika kwenye idadi ya watu.

"Na hii?"

"Makadirio ya Umoja wa Mataifa, mama. Sensa ya mwisho ni ya 2006."

Akafunika kalamu, akafungua ukurasa unaofuata.