Robo ya kwanza, mwezi wa kumi

Nimetoka sasa hivi mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu. Leo watu walijaa, sijui nani kawaambia.

Mtendaji kasimama: "Mapato na matumizi, robo ya kwanza..."

Mzee mmoja akanyoosha fimbo. "Mwanangu, huu mwezi wa kumi. Robo ya kwanza ipi?"

Kicheko! Mtendaji akaeleza: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, hivyo Julai hadi Septemba ndiyo robo ya kwanza.

"Haya. Sasa tusomee hela ya kisima, ya robo yoyote ile."

Jamani, kimya kile! Mtendaji anafunua karatasi, anafunua tena.

Kwenu mnasomewa kila robo, au zote nne siku moja?