Usiku ule tuliopampu jeli kisimani

Kile kisima chetu cha mafuta kilishakuwa cha maji bwana, kwenye mapipa 100 yanayopanda juu mafuta hayafiki hata 5, na wote tulijua shida ni ufa kwenye mwamba huko chini, maana dawa ya kufuatilia maji tuliyoweka kwenye kisima cha kuingizia maji ya kusukuma mafuta ilitokea kwenye kisima chetu siku hiyohiyo, wakati ingepita kwenye mwamba wenyewe ingechukua miezi. Maji yakishapata njia ya mkato hayana tena habari ya kusukuma mafuta yaliyojificha kwenye vitundu vya mwamba.

Basi ikaamuliwa tupampu jeli ya kuziba ule ufa. Zamu ya usiku nikapangiwa kwenye tangi la kuchanganyia, unga wa poliakrilamaidi (polima, yaani nyuzi ndefu zinazofanya maji yawe mazito) unaunyunyiza taratibu huku maji yanazunguka, ukiharakisha unapata madonge ambayo hayayeyuki hata ufanyeje. Halafu unatia asetati ya kromiamu (kromiamu tatu, sio ile sita ambayo ni sumu kali), hiyo ndo inaunganisha nyuzi za polima. Kila mchanganyiko tunaacha sampuli kwenye chupa, tunaigeuza juu chini kuona imeshikana kiasi gani. Mwanzoni inatiririka tu, baadaye inaning'inia mdomoni mwa chupa kama ute wa yai.

Hapo ndo ubishi ukaanza. Injinia kijana akataka tupampu ikiwa bado nyepesi, iende mbali bila kusumbua pampu. Fundi wetu mkuu akakataa katakata: "Kijana, ikiwa nyepesi inanyonywa mpaka ndani ya mwamba, ikija kuganda humo umeziba mafuta yako mwenyewe. Iache ishikane kwanza, ikishakuwa jeli haipenyi vile vitundu, itabaki kwenye ufa." Injinia akamwambia sawa mzee, ila presha ikipanda utajibu wewe. Mzee akacheka tu.

Na presha kweli ikapanda, polepole lakini haishuki. Jeli ikisukumwa ndani ya ufa inabanwa, maji yake yanachujika kuingia kwenye kuta za mwamba, inayobaki inazidi kuwa nzito. Mimi macho kwenye geji, kuna mstari mwekundu tulioambiwa tusiuvuke la sivyo tunapasua mwamba na kufungua ufa mwingine, yaani tumelipia tatizo jipya. Ilipokaribia mzee akapunguza mwendo wa pampu kidogokidogo, hakuna aliyeongea. Alfajiri tukafunga vali, kisima kikaachwa siku kadhaa jeli ikomae.

Tulipofungua, maji yalipungua na mafuta yakaongezeka, sio kwa maajabu lakini kila mtu aliona, tena hata gharama ya kusafisha maji machafu ikashuka. Miezi mingi baadaye maji yakaanza kurudi, yalishatoboa kijia chembamba katikati ya jeli. Na ni injinia yuleyule aliyekuja kuuliza kama safari hii tunaweza kupampu nzito zaidi.