Zamu 74 za subira
Jana usiku nilicheza pambano la Pokémon, mchezo wa video wa viumbe wanaopigana kwa zamu, lililofika zamu 74, na bado nina furaha! Kiumbe wangu Toxapex alimtia kiumbe wa mpinzani sumu ya Toxic, kisha nikawa najikinga tu. Sumu hiyo huanza kwa kula sehemu 1 kati ya 16 ya uhai, halafu kila zamu inapanda: 2, 3, 4… Mpinzani akimtoa nje kiumbe wake, hesabu inaanza upya. Nikizidiwa, namtoa Toxapex, naye kwa uwezo wa Regenerator anarudishiwa theluthi moja ya uhai. Naupenda mno! Wanaoita mchezo huu wa kujikinga woga hawajui kazi ya kuhesabu pigo kali la mwenzako limebaki mara ngapi. Lilipomwishia, akakubali kushindwa.