Siku Moja Maishani Mwangu: Ofisa wa Zamu Katika Kambi ya Jeshi la Anga

Saa 11:30 alfajiri

Ninaingia chumba cha operesheni kungali giza, na mwenzangu aliyekesha ananikabidhi funguo, redio ya mkononi na kitabu cha matukio. Usiku ulikuwa shwari. Kilichoandikwa ni taa mbili tu zilizoungua kwenye ukingo wa njia ya kurukia ndege, na jina la fundi aliyezibadilisha.

Ukutani, nyuma ya meza yangu, umetundikwa ubao mweupe ambao kwa maoni yangu unaieleza kambi kuliko kitabu chochote cha mafunzo. Safu ya kwanza ina jina la kikosi, ya pili ina nambari ya simu ya mkuu wake, na ya tatu, iliyo pana kuliko zote, inaonyesha mkuu huyo anaripoti wapi. Hapa tuna vikosi tisa. Vinne tu, yaani ulinzi wa kambi, zimamoto, mnara wa kuongozea ndege na huduma za majengo, ndivyo vinavyoishia kwa kamanda wa kambi. Mishale ya vile vitano vingine inatoka nje ya lango na kwenda kwenye kamandi nne tofauti, ambazo makao makuu yake mengine sijawahi kuyakanyaga.

Raia akipita barabarani huona uzio mmoja, bendera moja na lango moja, naye hudhani kwamba ndani yake kuna mkubwa mmoja anayeamuru kila kinachoruka. Ukweli ni kwamba kambi ni mahali, ilhali kamandi ni mlolongo wa amri, na milolongo kadhaa inaweza kupita juu ya ardhi ileile bila kugusana. Kamanda wa kambi ni kama mwenye nyumba ya kupangisha: njia ya kurukia, umeme, maji, mafuta na usalama wa lango ni juu yake, lakini mpangaji anaamkia wapi asubuhi si juu yake hata kidogo.

Saa 1:00 asubuhi

Kikao cha asubuhi huchukua dakika ishirini. Mtaalamu wa hali ya hewa anatabiri upepo wa kubadilika mchana, mkuu wa zimamoto anaeleza kwamba gari moja kati ya matatu liko kwenye matengenezo, kisha kila kikosi kinataja safari zake. Kamanda wa kambi anasikiliza zaidi kuliko anavyosema. Hapangi nani aruke. Anahakikisha tu kwamba atakayeruka atapata njia safi, na kwamba akirudi ana moshi atawakuta zimamoto wamesimama.

Saa 3:10 asubuhi

Ndege ndogo ya uchukuzi ya kamandi ya mafunzo, iliyoleta wanafunzi wa urubani, inatua salama, na mara inapoingia njia ya kupita kuelekea maegesho usukani wa gurudumu lake la mbele unagoma. Haisogei mbele wala haiwezi kukata kona. Nyuma yake kuna ndege mbili za kivita za skwadroni yetu zenye ratiba ya mazoezi, injini zikinguruma na mafuta yakiteketea.

Trekta la kukokota tunalo. Tusichokuwa nacho ni kile chuma kinachounganisha trekta na gurudumu la mbele, kwa sababu kila aina ya ndege ina chuma chake, na kinachoifaa hii kiko katika banda la kikosi cha uchukuzi, hatua mia mbili hivi kutoka dirishani kwangu. Nampigia meja anayeliongoza banda hilo.

“Afande, naomba chuma cha kukokotea kwa nusu saa.”

“Kapteni, kipo, tena nakiona hapa nilipo. Lakini ni mali ya kamandi ya uchukuzi, na ndege iliyokwama ni ya kamandi ya mafunzo. Kikipinda nitamwandikia nani?”

Anayedhani kwamba meja alikuwa mkaidi hajawahi kusainia vifaa vya jeshi. Kila chuma kina nambari, kila nambari ina daftari, na daftari hilo hukaguliwa na watu kutoka makao makuu yake, ambao ugomvi wa njia yetu ya kupita hauwahusu. Tukakubaliana hivi: mimi natuma maombi rasmi kwa kamanda wa kambi, yeye atayapeleka juu mpaka makao makuu ya jeshi la anga ambako milolongo yote miwili inakutana, jibu litashuka kwa kamandi ya uchukuzi na hatimaye kwa meja, na wakati karatasi ikisafiri, sajini wake “atafanya jaribio la chuma” karibu na ile ndege. Jaribio lilifaulu. Saa 3:45 njia ilikuwa wazi.

Saa 4:40 asubuhi

King'ora kinalia. Ni zoezi la utayari, ambalo sisi hatukuarifiwa, na ndivyo inavyotakiwa. Rada iliyo mbali na hapa imeona shabaha ya mazoezi, kituo cha operesheni cha kamandi ya ulinzi wa anga kimetoa amri, na amri imeshuka moja kwa moja kwa marubani wawili waliokaa tayari mwisho wa njia. Kamanda wa kambi ameisikia king'ora sawa na mpishi alivyoisikia. Hakuna aliyemwomba ruhusa, na wala hakustahili kuombwa, maana kila dakika ya kuulizana ni kilomita kadhaa alizosogea mvamizi.

Yetu ni ardhi. Kando ya njia kulikuwa na koplo juu ya mashine ya kukatia majani, masikio ameyaziba dhidi ya kelele. Mnara ukamwita redioni mara mbili, asijibu. Mara ya tatu ukamwashia taa nyekundu ya kuwaka na kuzima, naye akaitoa mashine kwenye ukanda wa usalama, akaizima na kuinua mkono. Sekunde chache baadaye ndege ya kwanza ikapita, na majani aliyoyakata yakarushwa kama vumbi. Majani hayo hukatwa kwa sababu yakiachwa kuota ovyo huvuta ndege wa porini, na ndege mmoja akimezwa na injini anaweza kuiharibu kabisa. Kazi ya koplo haimo katika mchoro wowote wa kamandi ya ulinzi wa anga, na bila yeye kamandi hiyo haina pa kurukia.

Saa 8:00 mchana

Leo ni zamu yangu kuwaeleza maofisa wapya muundo wa jeshi. Naanza na skwadroni, ambayo kwa kawaida ina ndege kati ya 12 na 24 za aina moja au zinazokaribiana, kisha nawatahadharisha kuhusu majina ya ngazi za juu yake. Katika jeshi la anga la Uingereza, kundi liko juu ya wingi, yaani ngazi ambayo Kiingereza huiita “wing”. Katika la Marekani ni kinyume, wingi liko juu na kundi liko chini yake. (Neno “wingi” huwachekesha kila mwaka, wakidhani nazungumzia idadi.) Ofisa asiyejua tofauti hiyo atamwandikia barua mtu asiyefaa.

Swali zito zaidi ni namna ya kuzigawa kamandi zenyewe. Uingereza, mwaka 1936, iligawa kwa kazi: kamandi ya walipuaji, ya wapiganaji, ya pwani na ya mafunzo. Katika vita vya anga vya mwaka 1940, taarifa za rada zilifika makao makuu ya wapiganaji pale Bentley Priory, zikachujwa, zikateremshwa kwa makundi. Kundi likachagua skwadroni ya kurusha, na kituo cha sekta kikawaongoza marubani kwa redio. Amri moja, ngazi tatu, na kila ngazi ikiamua lile tu inaloliona vizuri. India imechanganya: kamandi tano zimegawanywa kwa maeneo ya nchi, na mbili, ya mafunzo na ya matengenezo, kwa kazi.

Kijana mmoja akauliza ni ipi iliyo bora. Nikamjibu kwamba hata wakubwa hubadili mawazo. Marekani ilikuwa na kamandi ya kimkakati ya walipuaji na makombora ya masafa marefu, na nyingine ya kimbinu, ya ndege za mapambano ya karibu. Tarehe 1 Juni 1992 zote mbili zilivunjwa, kwa sababu mgawanyo wa “kimkakati” na “kimbinu” ulikuwa umepoteza maana. Uingereza nayo iliunganisha kamandi zake mbili zilizobaki kuwa moja mwaka 2007. Mimi binafsi naona kwamba mgawanyo kwa kazi huzaa mabingwa na mgawanyo kwa maeneo huzaa majirani, na jeshi dogo lenye kambi chache halina haja ya kuiga michoro ya jeshi kubwa.

Saa 10:15 jioni

Injini iliyofikisha muda wake inafungwa kwenye sanduku kwenda karakana kuu. Mafundi wa hapa wanaruhusiwa kuitoa na kufunga nyingine. Kuifungua ndani ni mamlaka ya kamandi ya matengenezo. Nasaini hati ya lango na lori linaondoka.

Saa 12:20 jioni

Nikiwa najiandaa kukabidhi zamu, ujumbe unaingia kutoka makao makuu ya kamandi ya uchukuzi, ukipitia makao makuu ya jeshi la anga na ofisi ya kamanda wa kambi: chuma cha kukokotea kinaweza kuazimwa kwa dakika thelathini, kwa sharti kwamba kirudishwe katika hali kilivyokuwa. Nampigia meja kumsomea. Ananiambia chuma kiko ukutani tangu saa nne asubuhi, na ananiomba nakala kwa ajili ya daftari lake. Naipiga muhuri, naandika saa katika kitabu cha matukio, kisha natembea zile hatua mia mbili kuipeleka mwenyewe.