Kikombe cha Oti Kina Gramu Ngapi?

Katika nyumba ya wazee ninakopika huku Marekani, mwenzangu aliniona nikipima oti kwa mizani, akaniuliza mbele ya watu kama kwetu Nairobi vikombe havijafika. Kazini nilinyamaza kwa kuwa nakihitaji kibarua changu. Hapa sina sababu ya kunyamaza.

Kikombe cha kupimia cha Marekani hubeba takriban mililita 237, na lebo za vyakula hukihesabu kuwa 240. Hicho ni kipimo cha ujazo, wala hakikwambii uzito mpaka ujue umetia nini ndani yake. Pakiti za oti bapa kwa kawaida huandika kwamba nusu kikombe ni gramu 40, yaani kikombe kizima ni gramu 80, ilhali baadhi ya waokaji huhesabu karibu 90, kwa sababu mchotaji mmoja hushindilia na mwingine humimina taratibu. Oti zilizokatwakatwa bila kubanwa, kwa upande wao, hufikisha gramu 40 kwa robo kikombe tu, kwa hiyo kikombe chake kina gramu 160, mara mbili ya zile bapa, ambazo hulaliana ovyo na kuacha hewa katikati. Tena ukizisaga oti bapa, unga wake hautakijaza kikombe kile kile, ingawa uzito haujapungua.

Mambo haya tuliolelewa na gorogoro tunayajua tangu utotoni. Mkebe ule huitwa wa kilo mbili, lakini pale Nyamakima hakuna mnunuzi mzoefu anayedhani kwamba gorogoro ya mahindi na ya unga zina uzito mmoja. Mama yangu, aliyeishia darasa la saba, alikuwa akiutazama mkono wa muuzaji kuliko mkebe wenyewe, ajue kama nafaka zimetikiswa zikashuka au zimepanguswa juu upesi upesi. Angeweza kumfundisha mwenzangu huyo, pamoja na stashahada yake ya upishi.

Niwape Wamarekani haki yao: pakiti zao huandika gramu kando ya vikombe, na sheria yao ya mwaka 1975 iliukubali mfumo wa metriki, ila kwa hiari, na hiari hiyo wapishi wa nyumbani waliikataa. Nanyi mnaojiandaa kuja kufanya kazi za jikoni, karirini mapema kwamba aunsi moja ni gramu 28 na ushei, pauni ni gramu 454, na tanuri la 350 kwa Farenhaiti ni kama 177 kwa Selsiasi. Hakuna atakayeketi kuwafunza.

Wifi yangu anayeoka biskuti za kuuza Donholm ana resipe ya huku yenye vikombe vitatu vya oti bapa, na nimemwandikia gramu 240, siagi kikombe kimoja gramu 227, na sukari nyeupe kikombe kimoja gramu 200. Kikombe chake kimeandikwa mililita 250, nacho kingemwongezea oti gramu kumi hivi, pamoja na siagi na sukari juu yake. Ameniuliza kama mizani ndogo za Kamukunji zitamfaa. Zitamfaa, mradi zisome gramu moja moja na ziwe na kitufe cha kurudisha sifuri bakuli likishawekwa.