L4 ikiteleza juu ya L5, MRI peke yake haitoshi

Mgonjwa akilala chali kwenye MRI (picha za sumaku), pingili ya L4 (ya nne ya kiuno, iliyo juu ya L5) iliyosogea mbele inaweza kurudi karibu na mahali pake. Ripoti inasema hakuna mtelezo, naye akisimama tu miguu inakufa ganzi! Mpige eksirei ya ubavuni akiwa amesimama, kisha linganisha. Picha za kuinama na kujipinda nyuma husaidia, ila mwenye maumivu hainami vya kutosha, na kipimo kinatoka kidogo kuliko hali halisi. Pima kwenye kona za nyuma za pingili: wengi huhesabu tofauti kati ya picha hizo mbili inayozidi milimita 3, au nyuzi 10 za pembe, kuwa uti wa mgongo haujatulia. Maji yanayozidi milimita 1.5 kwenye viungo vidogo vya nyuma nayo yakutie shaka hiyo hiyo.